Kuongeza Kumbukumbu ni Rahisi, Kuirudisha Ndiyo Kazi

Leo tunazungumzia kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoitwa RAM, na hasa maswali mawili ambayo kila msimamizi wa seva hukutana nayo kazini. Mashine iko kazini, watu wanaitumia, na kumbukumbu yake imeanza kuisha. Je, unaweza kuiongezea bila kuizima? Na haja ikipita, unaweza kuichukua ile uliyoongeza ukaipeleka kwenye uhitaji mwingine, nako bila kuzima chochote?

Jibu ni ndiyo kwa maswali yote mawili, lakini uzito wake haulingani. Kuongeza ni kazi ya dakika moja. Kupunguza kunaweza kushindikana kabisa, na kukishindikana, mara nyingi chanzo chake ni jambo lililopaswa kuamuliwa mapema, kabla ya kumbukumbu kuanza kutumika. Hilo ndilo ninalotaka tuelewane leo.

Huenda unajiuliza jambo hili linamhusu nini mtu asiye fundi. Linamhusu kwa sababu ni fedha ya taasisi yake. Chukua siku yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa taifa. Jana yake tovuti ilikuwa na wasomaji wachache. Leo kila mzazi, kila mwanafunzi na kila mwalimu anafungua ukurasa uleule saa ileile. Au chukua Kenya, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mlipakodi binafsi kuwasilisha ritani yake ya mwaka. Au chukua chama cha akiba na mikopo mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia. Mzigo wa namna hii una tarehe inayojulikana. Unakuja, unakaa siku mbili tatu, unaondoka. Ukinunua kumbukumbu ya kuutosha mzigo huo na kuikabidhi mashine moja mwaka mzima, umeifungia mali ambayo mashine ya jirani, ndani ya seva ileile, inaililia kila siku.

Nimesema mashine ya jirani ndani ya seva ileile, na hapo inabidi nieleze. Seva moja kubwa, tuseme yenye gigabaiti 256 za kumbukumbu, siku hizi haiendeshi mfumo mmoja. Inabeba mashine pepe nyingi, kumi, ishirini, hata zaidi. Kila mashine pepe ina mfumo endeshi wake, programu zake na diski yake, na inajiona kama kompyuta kamili iliyo peke yake. Seva yenyewe tunaiita mwenyeji, na kila mashine pepe tunaiita mgeni. Kati yao kuna programu inayogawa vichakataji, diski na kumbukumbu, nayo mafundi huiita haipavaiza.

Wazo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40, uliowapa watumiaji kadhaa wa kompyuta moja kila mmoja mashine yake pepe. Mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370, na makampuni makubwa yakaanza kuutumia utaratibu huo. Mwaka 1998 kampuni ya VMware ilianzishwa California, ikaleta jambo hilohilo kwenye kompyuta za kawaida, zile tunazozinunua madukani. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakauelezea ulimwengu mfumo wao wa Xen. Kisha Februari 2007 ikatoka Linux 2.6.20 ikiwa na KVM, kazi iliyoanzishwa na Avi Kivity, inayofanya kazi pamoja na QEMU, programu iliyobuniwa na Mfaransa Fabrice Bellard. KVM na QEMU ni programu huria, hazidai ada ya leseni, na kwa sababu hiyo taasisi isiyo na bajeti kubwa inaweza kuzitumia. Mifano yangu mingi ya leo inatoka huko.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo. Mgeni anapowashwa, jambo moja la mwanzo kabisa analofanya ni kuuliza: nina kumbukumbu kiasi gani, na iko wapi? Akijibiwa, keneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaigawa kumbukumbu hiyo katika kurasa. Kwenye seva nyingi ukurasa mmoja ni kilobaiti 4. Mashine ya gigabaiti 4 ina kurasa zaidi ya milioni moja. Kwa kila ukurasa keneli ya Linux huandika maelezo mafupi: uko huru au unatumika, unatumika na nani, na mara ngapi. Maelezo hayo kwa kawaida ni baiti 64 kwa ukurasa. Yaonekana machache, lakini ukijumlisha utakuta kila gigabaiti ya kumbukumbu inadai megabaiti 16 za daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na keneli inaishi kwa sheria hiyo: kumbukumbu isiyoandikwa daftarini, kwake haipo.

Kwa hiyo kuongeza kumbukumbu katika mashine inayokimbia ni kazi ya pande mbili. Mwenyeji atoe nafasi, na mgeni aandike daftari jipya. Mojawapo likikosekana, hujaongeza kitu.

Njia ya kwanza ya kufanya hivyo inaiga kompyuta halisi. Unajua vile vipande vyembamba vya RAM vinavyochomekwa kwenye ubao wa kompyuta. Haipavaiza inamwambia mgeni kwamba kipande kipya kimechomekwa sasa hivi. Hakuna kipande chochote kilichoguswa na mkono wa mtu, ni taarifa tu, lakini mgeni anaipokea kama vile fundi amefungua kasha. QEMU ilipata uwezo huu mwaka 2014. Mgeni wa Linux anaigawa kumbukumbu mpya katika mafungu, ambayo kwenye mashine nyingi ni ya megabaiti 128 kila moja, kisha kila fungu linawashwa ili lianze kutumika.

Zingatia neno hilo, linawashwa. Kuna hatua ya kuipokea kumbukumbu na kuna hatua ya kuiwasha. Mfumo wa mgeni usipopangwa kuiwasha wenyewe, kumbukumbu itakuwa imefika lakini haitumiki. Msimamizi anaamuru gigabaiti 8 ziongezwe, haipavaiza inajibu kwamba kazi imekamilika, na ndani ya mgeni hakuna kilichobadilika. Hapo hakuna hitilafu yoyote. Ni hatua ya pili ambayo haijafanyika.

Kuna pia sharti jingine, zito zaidi. QEMU inataka kuambiwa tangu mwanzo, kabla mashine haijawashwa, dari yake ni ipi na nafasi za kuchomeka ziko ngapi. Ukisema mashine hii ianze na gigabaiti 4, lakini iwe na nafasi nne na iweze kufika gigabaiti 32, utakuwa huru kuongeza baadaye. Ukisema gigabaiti 4 ukanyamaza, umeifunga hapo. Siku ya mzigo itakulazimu uizime, ubadilishe maelezo yake, uiwashe upya, yaani ufanye kilekile ulichotaka kukikwepa. VMware nayo ina sharti linalofanana: ruhusa ya kuongeza kumbukumbu wakati mashine inakimbia hutolewa mashine ikiwa imezimwa.

Na lile daftari nalo lina gharama yake. Ukiongeza gigabaiti 64 kwa mpigo, mgeni anahitaji gigabaiti nzima kwa ajili ya daftari, na kwa kawaida huitoa katika kumbukumbu aliyokuwa nayo kabla. Ikiwa tayari alikuwa amebanwa, hana pa kuliandika, na ongezeko lenyewe linaweza kukataliwa. Keneli za miaka ya karibuni zinaweza kuliweka daftari ndani ya hiyohiyo kumbukumbu mpya, zikipangwa hivyo. Zisipopangwa, funzo ni moja: ongeza mapema, mashine ikiwa bado inapumua.

Hayo ni ya kuongeza, msikilizaji, na kama ulivyosikia, mtu makini anayaweza. Sasa tugeukie kupunguza.

Fikiria mpangaji uliyemwongezea chumba. Siku ya kumpa, ulimkabidhi ufunguo tu. Siku ya kukidai, ukikuta ameweka magunia, atayahamishia chumba kingine na utakipata. Ukikuta amejenga humo tangi la zege, hakuna cha kuhamisha, na chumba hukipati mpaka abomoe.

Ndani ya keneli kuna vitu vya aina hizo mbili. Data za programu za kawaida, na nakala za mafaili yaliyosomwa kutoka diskini, zinahamishika. Keneli inaweza kunakili ukurasa kutoka hapa kwenda pale, ikabadilisha majedwali yake, na programu isijue kwamba kuna kilichosogea. Lakini majedwali yenyewe, maelezo ya mafaili yaliyofunguliwa, na sehemu kubwa ya kumbukumbu ambayo keneli imejitengea kwa kazi zake, hayo hayahamishiki. Keneli inayashika kwa anwani zake, na anwani hizo zimesambaa kila mahali. Ukurasa mmoja wa namna hiyo ukikaa katikati ya fungu la megabaiti 128, fungu zima halizimiki. Na ikiwa fungu hilo ni sehemu ya kipande cha gigabaiti 8 ulichokichomeka, kipande chote kinakataa kutoka, kwa sababu kipande hutoka chote au hakitoki kabisa. Kilobaiti 4 zinazuia gigabaiti 8.

Dawa ipo, na imekuwepo kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2007 keneli ya Linux inaweza kutenga eneo maalumu la kumbukumbu ambamo vinaruhusiwa kukaa vitu vinavyohamishika tu. Kumbukumbu unayoiongeza ukiiwasha ndani ya eneo hilo, keneli haitajenga zege humo, na siku ya kuidai una matumaini makubwa ya kuipata. Lakini uamuzi huo unafanyika wakati wa kuiwasha. Ukiiwasha kama kumbukumbu ya kawaida, keneli itaisambazia vitu vyake popote, na ukikumbuka baada ya miezi mitatu utakuwa umechelewa.

Usije ukaelewa kwamba basi kumbukumbu yote iwekwe katika eneo hilo. Keneli nayo inahitaji mahali pa kuweka vitu vyake visivyohamishika, na nafasi yake ikiisha, mashine itakwama huku eneo la pili likiwa na gigabaiti tele zisizotumika. Watunzaji wa keneli wenyewe wanasema kwamba uwiano wa tatu kwa moja, au hata nne kwa moja, kati ya eneo linalohamishika na lile la kawaida unaweza kufaa kwa mashine nyingi. Kwa maneno mepesi, mashine iliyoanza na gigabaiti 8 usiitegemee kubeba gigabaiti 100 za ziada kwa njia hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mwenyeji si ndiye mwenye mamlaka? Kwa nini asichukue tu? Anaweza. Mwenyeji ana uwezo wa kuuchukua ukurasa wowote wa mgeni bila kumwambia, akauandika kwenye diski. Lakini tazama kinachofuata. Mgeni hajui kwamba ukurasa wake umeondolewa. Baadaye naye anaona kumbukumbu inambana, anatafuta ukurasa usiotumika sana ili aupeleke kwenye diski yake, na anauchagua uleule, kwa kuwa sababu iliyomfanya mwenyeji auchague ndiyo inayomfanya mgeni auchague. Ili auandike lazima kwanza usomwe, kwa hiyo mwenyeji anaurudisha kutoka diskini, na mgeni anaupeleka diskini tena. Diski imefanya kazi mara tatu na hakuna aliyepata nafasi. Huku watu wamesubiri, na kwao mfumo unaonekana umekufa. Tatizo la mwenyeji ni kwamba ana nguvu lakini hana habari. Habari ya ukurasa upi una thamani na upi hauna iko kwa mgeni.

Kutokana na tatizo hilo ndipo ulipozaliwa ufumbuzi wa pili, ambao mimi nauhesabu kati ya mawazo mazuri kabisa katika fani hii. Mwaka 2002, katika mkutano wa wataalamu wa mifumo endeshi uliofanyika Boston, Carl Waldspurger wa VMware alieleza mbinu ya puto. Ndani ya mgeni kinawekwa kiendeshi, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya keneli. Mwenyeji akitaka kumbukumbu, anakiambia kiendeshi kile kijaze puto lake. Kiendeshi kinaiomba keneli ya mgeni kumbukumbu, kama programu yoyote inavyoomba. Keneli inaanza kwa kukipa kurasa zilizo huru. Zikiisha, inatupa nakala za mafaili ambazo inaweza kuzisoma tena. Zikiisha hizo, inapeleka diskini kurasa ambazo yenyewe inajua hazina haraka. Kiendeshi kinazishika kurasa hizo kisizitumie, kinamtajia mwenyeji namba zake, na mwenyeji anazichukua akijua kwamba hakuna atakayezigusa. Siku ya kurudisha, puto linapungua na kurasa zinakuwa huru tena. Anayechagua cha kuacha ni yule mwenye habari. Kwa hiyo mbinu hiyo ilienea kila mahali, Xen wakaitumia, KVM wakaitumia, na Microsoft nao wakaweka puto katika Hyper-V, haipavaiza yao, walipoleta kumbukumbu inayobadilika mwaka 2011.

Hata hivyo, puto lina mipaka yake, na ni haki yako kuijua kabla hujalitegemea.

Mpaka wa kwanza: puto haliwezi kumpa mgeni zaidi ya kile alichoanza nacho. Linachukua na kurudisha ndani ya dari ileile. Wengi hulizunguka hilo kwa kumwasha mgeni na dari kubwa, tuseme gigabaiti 16, kisha kulijaza puto mara moja ili abaki na 4. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kumbuka kwamba kila anapowashwa upya, puto linaanza likiwa tupu. Kwa muda huo mfupi, kabla kiendeshi hakijaamka, mgeni anaziona gigabaiti 16 zote. Umeme ukikatika na wageni ishirini wakaamka pamoja, mwenyeji anaweza kudaiwa asichokuwa nacho.

Mpaka wa pili: puto ni ombi. Mgeni asiye na kiendeshi hicho, au aliyekiondoa kwa makusudi, hatatoa kitu. Kama wageni wote ni wa taasisi yako, si neno. Kama unawakodishia watu usiowajua, usijenge hesabu zako juu ya hiari yao.

Mpaka wa tatu: haraka. Ukilijaza puto kwa gigabaiti 8 kwa mpigo mmoja kwenye mashine iliyo kazini, keneli ya mgeni haipati muda wa kuchagua vizuri. Itaanza kupeleka kurasa diskini kwa wingi, na ikishindwa kabisa, Linux ina utaratibu wa mwisho wa kujiokoa: inaua programu. Na inayouawa mara nyingi ni ile inayokula kumbukumbu nyingi kuliko zote, ambayo kwenye seva nyingi ni hifadhidata yenyewe. Ulitaka kuokoa kumbukumbu, umepoteza huduma. Punguza kidogo, subiri, tazama hali, kisha punguza tena.

Mpaka wa nne unahusu mashine iliyokabidhiwa kifaa halisi moja kwa moja, kama kadi ya michoro au ya mtandao. Kifaa hicho kinaweza kuandika popote katika kumbukumbu ya mgeni bila kupitia kwa keneli, kwa hiyo kwa kawaida kumbukumbu yote inafungwa mahali pake. Hapo puto halina kazi.

Kwa sababu ya mapungufu hayo, ikatafutwa njia ya tatu. Mwaka 2020 Linux 5.8 na QEMU 5.1 zilitoka zikiwa na kifaa kiitwacho virtio-mem, kazi iliyoongozwa na David Hildenbrand wa kampuni ya Red Hat. Hapa hakuna kuiga vipande vya RAM, wala hakuna kushikilia kurasa ndani ya puto. Mwenyeji anatamka kiwango anachotaka, tuseme gigabaiti 12, na kiendeshi ndani ya mgeni kinaongeza au kupunguza kwa vipande vya megabaiti chache mpaka kikaribie kiwango hicho. Kipande kimoja kikigoma kutoka, vingine vinaendelea kutoka, na mgeni anaripoti amefika wapi hasa. Mwenyeji anaona namba mbili, aliyoiomba na iliyopatikana, na hakuna anayedanganyika. Tena kumbukumbu iliyoondolewa kwa njia hii mgeni hairudii kuitumia akiwashwa upya, mpaka apewe. Kama unaanza leo na keneli yako ni mpya, njia hii ndiyo ninayokushauri uitazame kwanza.

Msikilizaji, hadi hapa tumezungumzia mashine. Lakini watu hawatumii mashine, wanatumia programu iliyo ndani yake, na programu ina akili yake. Hifadhidata ya PostgreSQL hujitengea eneo lake kuu la kumbukumbu inapoanza, na ukubwa wa eneo hilo haubadiliki mpaka iwashwe upya. Inategemea pia nakala za mafaili zinazotunzwa na keneli, kwa hiyo kumbukumbu mpya haiendi bure yote, lakini eneo lile kuu linabaki lilivyokuwa. MySQL kuanzia matoleo ya 5.7 inaweza kubadilishiwa eneo lake ikiwa kazini. Programu ya Java huanza na kikomo chake cha juu na hukaa nacho hadi mwisho, hata ukiizungushia gigabaiti mia. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, uliza programu itazitumiaje. Na kabla ya kupunguza, anza na programu: punguza kwanza eneo la hifadhidata, ndipo upunguze mashine. Ukigeuza mpangilio huo, unaialika keneli ichague cha kuua.

Na kuna swali linalotangulia yote hayo: je, mashine kweli imepungukiwa? Linux huitumia kumbukumbu isiyo na kazi kutunza nakala za mafaili, ili yasisomwe diskini tena. Kwa hiyo, ukiiuliza Linux hali ya kumbukumbu yake, safu inayoonyesha kumbukumbu iliyo huru karibu daima ni ndogo, na anayetazama safu hiyo peke yake ataona uhaba kila siku. Safu ya kutazama ni ile ya kumbukumbu inayoweza kupatikana, iliyoongezwa katika keneli mwaka 2014 kwa ajili ya jambo hilihili. Na tangu mwisho wa mwaka 2018 keneli inaweza pia kukueleza ni asilimia ngapi ya muda programu zimesimama zikisubiri kumbukumbu. Ukiona muda huo ni sifuri, mashine yako haina njaa, na fedha au gigabaiti ulizotaka kuzimwaga huko zipeleke kwingine.

Nisiwasahau wanaokodi mashine katika wingu. Kwenye Amazon, kubadilisha aina ya mashine ya EC2 kunakutaka uisimamishe kwanza, na Google wanataka vivyo hivyo. Wauzaji hao wanauza kwa vipimo vinavyochaguliwa mapema, na mtu mmoja kuruka kutoka kipimo hadi kipimo akiwa kazini si biashara wanayoifanya. Kwa hiyo uwezo tuliouzungumzia leo uko mikononi mwa taasisi zenye seva zao wenyewe: vyuo, hospitali, halmashauri, benki, vyama vya ushirika. Nyingi katika nchi zetu zinazo. Seva hizo zimeagizwa kwa fedha za kigeni, na RAM ni sehemu kubwa ya bei yake. Kuziacha gigabaiti zikilala ndani ya mashine ambayo mzigo wake ulipita mwezi uliopita ni hasara, hata kama hakuna risiti inayoionyesha.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosimamia seva za umma na za taasisi, na ninyi mnaoidhinisha bajeti zake. Siku ya kuunda mashine pepe, iandikieni dari yake, hata kama leo hamkusudii kuifikia. Amueni mapema ongezeko litawashwa katika eneo gani. Wekeni kiendeshi cha puto, au virtio-mem, katika kila mgeni, na mhakikishe kinafanya kazi kabla ya siku ya mzigo. Andikeni kwenye kalenda tarehe za mzigo, na mbele ya kila tarehe ya kuongeza muandike tarehe ya kupunguza na jina la atakayepunguza. Jaribuni kupunguza mchana wa kazi ya kawaida, kidogo kidogo, mkiwa mnatazama, badala ya kujaribu kwa mara ya kwanza usiku wa dharura.

Anayeongeza bila kujua atarudishaje hajaigawa kumbukumbu yake, ameigawia mashine moja milele. Pangeni kurudisha kabla hamjatoa.